Mizigo inavuka, wabebaji wanabaki

KILA mfanyabiashara aliyewahi kupita Busia anawajua watu wa baiskeli za magurudumu matatu. Wengi wao waliugua polio utotoni. Miguu haina nguvu lakini mikono ni ya chuma. Wao huzungusha pedeli kwa mikono, kijana mmoja au wawili wakisukuma kwa nyuma, na kila nafasi iliyobaki kwenye baiskeli imejazwa katoni za sabuni, mitungi ya mafuta ya kupikia na mifuko ya unga. Kwa miaka mingi watu hao walikuwa mojawapo ya njia rahisi kabisa za kuvusha bidhaa kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda, na sababu yake haikuwa siri kwa yeyote. Maafisa wa forodha waliwaonea huruma, wakawaacha wapite bila kulipa ushuru au walipe kidogo tu. Wenye maduka wakaiona huruma hiyo, wakaigeuza mtaji.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Mwenye mzigo alipima ushuru ambao angelipa endapo bidhaa zake zingepita kwa lori, akapima na ujira wa mwenye baiskeli, kisha tofauti akaitia mfukoni. Mwenye baiskeli naye alipata riziki. Kwa kazi hiyo wapo waliojenga, wakaoa na kusomesha watoto, mambo ambayo kijijini waliambiwa tangu wakiwa wadogo kwamba hayakuwa yao. Wanaowaita watu hawa wafanya magendo na kuishia hapo husahau kuuliza mizigo ilikuwa ya nani.

Kisha bei ya huruma hiyo ikaanguka. Machi 2004 marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia sahihi itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ikaanza kutumika Januari 1, 2005. Bidhaa za Kenya zilizokuwa zikitozwa asilimia 10 zilipoingia Uganda zikapunguziwa asilimia mbili kila mwaka, hadi mwaka 2010 zikafika sufuri. Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni wakaja wenyewe Busia kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo lori husimama mara moja badala ya mara mbili. Sisi wa mpakani tulishangilia na tulikuwa na haki ya kushangilia. Foleni za zamani tunazijua.

Lakini kadiri ushuru ulivyoshuka, ndivyo sababu ya kumkodi mwenye baiskeli ilivyopungua. Miguu yake haikubadilika. Polio haikumrudia wala haikumwacha. Kilichobadilika ni orodha ya ushuru iliyoandikwa Arusha, na orodha hiyo ikamfanya mtu aliyekuwa tegemeo la nyumba yake kuwa mtu wa kuhurumiwa tena. Sijasikia kwamba katika mikutano yote iliyoandaa umoja huo kuna aliyeuliza watu wa baiskeli wangekula nini.

Tumezoea kudhani kwamba ulemavu uko mwilini, jambo baina ya mtu na daktari wake au baina yake na Mungu. Busia inatufundisha vingine. Mwili ule ule ulikuwa mzima sokoni mwaka 1995 na ukawa mlemavu mwaka 2015. Soko ndilo lililoamua. Na si Busia peke yake. Ukienda mpaka wa Goma na Gisenyi, kwenye kizuizi kidogo ambako maelfu ya wachuuzi hupita kwa miguu, utawakuta walemavu wenye baiskeli zilizotengenezwa mahsusi kubeba mizigo. Kwenye vivuko vya mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, habari ni hiyo hiyo. Popote mpaka ulipo, na popote ushuru unapotofautiana, biashara hutafuta mwili unaoweza kuupitishia mzigo kwa gharama ndogo. Hilo ndilo tunaloliita ubepari, ingawa watu wengi wa Busia hawalitumii neno hilo. Wao husema "biashara" tu.

Mwezi Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena virusi vya asili vya polio. Ni habari njema isiyo na kasoro. Kizazi cha polio kinazeeka, na watoto wetu hawatakirithi kiti chake. Ila kiti hakijabaki kitupu. Nenda wodi ya mifupa katika hospitali yoyote kubwa kutoka Eldoret hadi Mbale uone ni nani waliolala na vyuma miguuni. Ni vijana wa pikipiki.

Boda boda ni mtoto wetu. Neno lenyewe lilizaliwa hapa hapa Busia, miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wenye baiskeli walipowabeba abiria kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine wakipaza sauti "boda, boda". Baiskeli haikuua watu wengi. Pikipiki ilipokuja mambo yakawa mengine, hasa baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mnamo 2008. Maelfu ya vijana waliomaliza shule bila kazi walipata kazi. Mimi ni mwalimu, na wengi wa wanaonibeba ni wanafunzi wangu wa zamani, kwa hivyo sitasimama hapa kuwatukana kama wafanyavyo wenye magari.

Mara nyingi kijana anayekubeba hamiliki pikipiki hiyo. Ama ni ya tajiri fulani anayedai kiasi chake kila jioni, ama ameikopa na deni linadai kila siku au kila wiki. Deni halijui malaria. Halijui mvua wala usingizi. Akiwa na homa ataendesha, akiwa hajalala ataendesha, kwa sababu akikosa kulipa mara mbili au tatu pikipiki inachukuliwa na pesa alizokwisha kulipa zinapotea. Watu husema vijana hawa ni wakaidi, wanakimbia kama wendawazimu. Wapo wakaidi, sikatai. Lakini mtu anayejua kwamba abiria wanane wa kwanza ni wa tajiri, na kwamba chakula cha watoto kinaanzia kwa abiria wa tisa, atakimbia hata akiwa mpole kama njiwa.

Akianguka je? Hapa ndipo sheria zetu zinapoonyesha zilitungwa kwa ajili ya nani. Kenya ina sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007. Uganda ina yake, ya mwaka 2000. Zote mbili zinamtaka mwajiri ndiye alipe. Kijana wa boda boda hana mwajiri. Tajiri wake atakwambia kwamba amemkodisha pikipiki tu, na mkopeshaji atasema yeye ni mkopeshaji. Bima inayodaiwa na polisi barabarani ni ya mtu wa tatu, nayo humlinda aliyegongwa, haimlindi dereva mwenyewe. Mguu uliovunjika unabaki kuwa mali ya mwenye mguu. Familia inauza ng'ombe, kisha kipande cha shamba. Sisi walimu huisoma ajali kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kuisikia redioni: mtoto hayupo Jumatatu, hayupo Jumanne, na wiki ya pili unaambiwa yuko sokoni akiuza mahindi ya kuchoma.

Tazama pia wapakiaji wa saruji. Tororo imetengeneza saruji tangu miaka ya 1950 na mji wenyewe umekua kwa saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50. Lori la tani 30 ni mifuko 600. Wakilishusha watu sita, kila mmoja amebeba mifuko mia moja mgongoni, yaani tani tano, kabla ya chakula cha mchana. Mwenye duka anayeshushiwa mzigo huo huhesabu mifuko, iliyopasuka na mizima, na akilipa hulipa kwa mfuko. Migongo haihesabiwi. Kule Tiira na Busitema, wilayani Busia, wachimbaji wadogo wa dhahabu hushika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma jikoni kwenye sufuria. Dhahabu inasafiri. Sumu inabaki kwenye neva za mchimbaji na za mkewe aliyekuwa akipuliza moto.

Hesabu ya namna hii si ngeni katika nchi hii. Reli iliyowaleta wafanyabiashara kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, ilijengwa na vibarua 31,983 kutoka India. Vitabu vya reli vinasema 2,493 kati yao walikufa na 6,454 walirudishwa makwao wakiwa wamelemaa au wagonjwa wa kutojiweza. Tunazijua tarakimu hizo hadi mtu wa mwisho kwa sababu wakoloni waliweka hesabu ya vibarua kama walivyoweka hesabu ya mataruma. Waafrika waliobeba mizigo kwenye njia hiyo hiyo hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Reli ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na mji huu tunaoishi ukawa mji kwa sababu hiyo. Leo hatuna hata hesabu ya namna ile ya wakoloni. Hakuna daftari Malaba wala Busia linaloandika ni wapakiaji wangapi wameumia mwaka huu.

Sisi tuliosomea ukimbizini tulijifunza somo hili mapema. Wazazi wetu walivuka kuingia magharibi mwa Kenya walipokimbia vita vilivyozuka Teso mwaka 1987, na wengi wetu tuliingia darasa la kwanza huko, tukaimba wimbo wa taifa usio wetu na kujifunza Kiswahili ninachokiandika hapa. Wanaume waliokuwa na mashamba na ng'ombe Uganda wakawa vibarua. Mjomba wangu alibeba magunia sokoni. Desemba 1989 Kenya ilianza mpango wa wagonjwa kuchangia gharama za matibabu, kwa ushauri wa wakopeshaji wa kimataifa. Ulisimamishwa mwaka uliofuata, ukarudishwa 1992. Mgongo wa mjomba ulipokataa, alikwenda hospitali moja akaambiwa alipe kwanza. Akarudi nyumbani na Panadol. Aliishi miaka mingine mingi akitembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na watoto wa mtaani walimtania kwa ajili hiyo.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika, na haki isemwe. Uganda ilifuta malipo katika hospitali za serikali Machi 2001, msimu wa uchaguzi, na hata kama nia ilikuwa kura watu walitibiwa. Kenya ilishusha malipo hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya mwaka 2004, kisha ikayafuta huko mnamo Juni 2013. Tangu Oktoba 2024 Kenya ina mamlaka mpya ya bima ya afya ya jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mchuuzi naye amewekewa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, ila sheria ilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyebuni hilo hajawahi kuuza nyanya. Mwenye mshahara, ambaye ana uhakika wa mwisho wa mwezi, analipa kidogo kidogo. Anayekula alichokipata leo ndiye aliyeambiwa alipe 3,600 kwa siku moja.

Lakini kwetu sisi wa mpakani tatizo ni jingine zaidi. Tunaishi nchi mbili na tunaugua nchi moja moja. Mama anayetoka Tororo kupeleka maharagwe na mayai Busia ya Kenya hayumo kwenye bima ya Kenya. Mkenya anayekuja Malaba kununua mahindi ana kadi ambayo haikuundwa kwa ajili ya mtu aliyegongwa na trela Tororo. Aliyerejea kutoka uhamishoni ana faili la kisukari katika hospitali ya upande mmoja na kitambulisho cha upande wa pili. Upande wa Uganda matibabu ni bure, lakini mara nyingi bure hiyo ni karatasi ya kwenda kununulia dawa dukani. Upande wa Kenya dawa ipo ukiwa na pesa au kadi. Kwa hivyo kila mgonjwa anakuwa mfanyabiashara: anapima nauli, anapima bei ya dawa kwa shilingi hii na ile, anapima siku atakazokosa sokoni, na mara nyingi jibu linalotoka ni kusubiri hadi ugonjwa uwe mkubwa.

Na haya yote yanatokea mahali ambapo gunia la maharagwe limeshapewa haki zake. Mzigo wa Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, kinachotambuliwa pande zote mbili. Gunia lina cheti. Mgongo ulioubeba hauna.

Waliosahau jinsi mambo yalivyo na wakumbuke mwaka 2020. Machi mwaka huo mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Ilifungwa kwa watu, kwa mizigo iliachwa wazi. Bibi wa Busia aliyekuwa akivuka kwa miguu kuuza ndizi alizuiwa, trela likapita. Madereva wa matrela hawakunufaika pia. Walipangwa foleni za makumi ya kilomita upande wa Malaba wakisubiri kupimwa, wakilala chini ya magari, na vijijini wakaitwa waletaji wa ugonjwa. Kisha Januari 2022 Uganda ilitaka kila dereva alipiwe dola 30 za kipimo. Madereva waligoma. Malori yakasimama, mafuta yakakosekana Uganda na bei ya petroli ikapanda hadi watu wakashika vichwa. Haikupita muda, agizo likaondolewa.

Mgomo ule una funzo ambalo watu wa baiskeli na wapakiaji wanapaswa kulitafakari. Afya ya dereva ilisikilizwa kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na tangi la petroli. Mwenye baiskeli akigoma, Kampala haitajua.

Kuna watakaosema kwamba bei ni bei, na kwamba ugonjwa na ulemavu haviwezi kuamuliwa kwa sheria. Hao nawakumbusha UKIMWI, ambao uliifuata barabara hii hii ya matrela na kuwamaliza watu wetu Malaba, Tororo na Busia. Shirika la TASO lilifungua kituo Tororo mwaka 1988, enzi ambazo kilichowezekana kilikuwa ushauri nasaha na kumwosha mgonjwa. Dawa zilipopatikana Ulaya na Marekani bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mapema 2001 kiwanda cha Cipla cha India kikajitokeza na bei ya dola 350. Mwaka huo huo Bunge la Kenya likapitisha sheria ya haki miliki za viwanda iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia ilipotishia kuufunga mlango huo, Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na virusi, walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi na wakashinda Aprili 2012. Ugonjwa haukubadilika, wala dawa haikubadilika. Bei ndiyo iliyobadilika, na ilibadilika kwa sababu watu waliisukuma. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona pia upande wa pili wa habari hii: tulichokuwa tukikiita bure kilikuwa kinalipwa na mtu wa mbali, ambaye angeweza kuamka siku moja akaacha.

Kwa hivyo pesa zitoke hapa, mahali zinapopatikana. Mamlaka za mapato za Kenya na Uganda zina mashine na maafisa pale pale ambapo kila trela lazima lisimame. Tozo ndogo kwa kila lori lenye mzigo, ikiwekwa kwenye mfuko mmoja wa Busia na Malaba na isipelekwe Nairobi wala Kampala, ingetosha kuanza kuwalipia matibabu wapakiaji, vijana wa boda boda na wabebaji wote wanaoumia kwenye eneo la mpaka, bila kuulizwa kitambulisho ni cha nchi gani. Wamiliki wa malori watalalamika kwamba gharama itapanda. Gharama hiyo ipo tayari na inalipwa kila siku, ila inalipwa kwa ng'ombe na mashamba ya watu ambao mzigo haukuwa wao.

Kuhusu watu wa baiskeli, lipo jambo rahisi zaidi. Mizigo midogo yenye cheti rahisi cha asili inahitaji mtu wa kuivusha kihalali kutoka lango moja hadi jingine. Wapewe wao kazi hiyo, kwa leseni na kwa bei inayojulikana, na njia isiyo na ngazi. Wana vyama vyao na wanajuana kwa majina. Uganda ina wabunge watano wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na Kenya ilipitisha sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2025. Bajeti za nchi hizi husomwa kila Juni, na wenye malori, wenye viwanda na mawakala wa forodha huwa wameshapeleka mapendekezo yao miezi mingi kabla. Wabunge wa pande zote mbili za Busia na Tororo waulizwe sasa, mikutanoni na sokoni, kama wamepeleka lolote la wabebaji, na kama ni kiasi gani.